Kwa nini dawa ya mapafu ya mtoto anachomwa mama?

Mama mmoja wa Pasua, Moshi, chupa ilipasuka mimba ikiwa na wiki 30. Jumatatu saa mbili usiku nesi akamchoma deksamethasoni, akasema ni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Wifi yake akaniuliza swali zuri sana: mapafu ni ya mtoto, mbona anachomwa mama?

Mapafu yana vifuko hewa vidogo mno, vyenye unyevu ndani. Maji huvutana, fungua mfuko wa nailoni uliolowa, utaona kuta zake zilivyogandana. Vifuko hewa huokolewa na safaktanti, utelezi wa mafuta na protini unaolegeza mvutano huo kama sabuni. Hutengenezwa na seli za aina ya pili za mapafu, kidogo kidogo tangu wiki ya 24 hivi, na kwa kawaida hutosha karibu wiki ya 35. Njiti asiye nayo huvuta kila pumzi kwa shida kama ile ya kwanza: anaguna, mbavu zinabonyea, anachoka.

Sasa, seli hizo hujuaje kwamba wakati umefika? Hapa ndipo mimi hushangaa kila mara. Ndani yake mna vipokezi, protini zinazosubiri homoni. Mimba ikikaribia kutimia, tezi zilizo juu ya figo za mtoto mwenyewe huongeza kotisoli. Kotisoli hupenya ndani ya seli, hushikana na kipokezi, na kwa pamoja huingia kwenye kiini kuamsha jeni za kazi hiyo. Juu ya seli vipo vipokezi vingine, vya adrenalini. Uchungu ukianza, adrenalini ya mtoto hupanda, na seli humwaga akiba yake.

Deksamethasoni ni ndugu wa kotisoli. Hutoka kwenye damu ya mama, huvuka kondo la nyuma, na vipokezi vya mtoto huipokea kama homoni yake mwenyewe. Graham Liggins wa New Zealand aliliona jambo hili kwa wanakondoo: mwaka 1969 alieleza jinsi njiti waliopata homoni ya aina hii walivyoweza kupumua. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo ya akina mama.

Sindano huwa nne, kila baada ya saa 12, maana jeni zikiamshwa leo safaktanti haijai leo. Wifi akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo ya nne ni Jumatano asubuhi. Mtoto avumilie humo mpaka hapo."

Ndivyo hasa.