Majani ya manjano kwenye sakulenti: dhana potofu na ukweli

Jani likigeuka manjano, jambo moja tu ndilo la uhakika: klorofili yake, ile rangi ya kijani, imevunjika au haitengenezwi tena. Kwa nini, rangi haisemi. Sakulenti, yaani mimea inayohifadhi maji kwenye majani au shina kama mshubiri, nyingi hufa kwa sababu mwenye mmea alitibu rangi badala ya chanzo. Kabla ya kushika kopo la maji au pakiti ya mbolea, chunguza mambo matatu: jani lipo sehemu gani ya mmea, ni gumu au laini ukilibonyeza, na udongo wa chini kabisa ya chungu una unyevu kiasi gani.

Dhana: Jani la manjano ni dalili ya kiu

Mara nyingi ni kinyume chake. Jani lililozidiwa maji huwa la manjano yanayopenyeza mwanga, huwa laini, na hudondoka kwa kuguswa tu. Tatizo huanzia majani ya chini na kupanda juu. Jani lenye kiu halina ulaini huo: hupungua unene, hukunjamana, na yale ya chini hukauka kuanzia nchani hadi yakavunjika vidoleni.

Chanzo kipo chini ya udongo. Mizizi hupumua. Udongo ukiloa kwa muda mrefu, nafasi za hewa hujaa maji, mizizi hukosa oksijeni na kuanza kufa, kisha vimelea vya kuozesha kama Fusarium na Pythium huvamia. Hapo ndipo wengi wanaponasa: mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, kwa hiyo majani hukunjamana kana kwamba yana kiu ilhali udongo umelowa. Mtu huona mikunjo, huongeza maji, na uozo hushika kasi.

Basi usiamue kwa mikunjo peke yake. Mikunjo na udongo mkavu: mwagilia, na kwa kawaida majani hujaa tena ndani ya siku chache. Mikunjo na udongo wenye unyevu: ng'oa mmea leo hii uangalie mizizi. Mzizi mzima ni imara. Uliooza ni laini, aghalabu mweusi au wa kahawia iliyokolea, na ukiuvuta ganda huchomoka likaacha uzi mwembamba. Amini ugumu wake kuliko rangi, kwa kuwa mizizi ya mishubiri, kwa mfano, inaweza kuwa na umanjano ikiwa na afya njema.

Dhana: Kijiko kimoja cha maji kila wiki ndicho kipimo salama

Sakulenti haijui kalenda. Maji machache hulowesha juu tu, mizizi ya chini ikakauka; na kama chungu hakina tundu, vijiko hivyo hujikusanya chini bila kuonekana. Mwagilia hadi maji yatoke kwenye matundu, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, kisha usirudie hadi udongo ukauke mpaka chini. Kuhakikisha, chomeka kijiti kikavu cha mbao hadi kwenye kitako cha chungu, kiache dakika 10, ukitoe. Kikitoka na unyevu au udongo umekigandia, subiri.

Kunyunyizia majani maji hakusaidii. Maji hayo hutuama katikati ya majani yaliyojipanga duara na kuozesha moyo wa mmea.

Dhana: Changarawe chini ya chungu huondoa maji

Huu ni ushauri mbaya wa siku nyingi. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda tabaka lenye mianya mikubwa, mpaka udongo wa juu yake ushibe kwanza. Changarawe hiyo hupandisha eneo lililolowa likaikaribia mizizi. Kinachofaa ni kuchanganya kokoto ndogo ndani ya udongo wote: sehemu 1 ya udongo wa kupandia kwa sehemu 1 ya pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu) au changarawe yenye punje za milimita 3 hadi 6. Mchanga laini haufai, hujaza mianya na kugandisha mchanganyiko. Chungu nacho kizidi upana wa mizizi kwa sentimita 2 au 3 tu. Udongo usio na mizizi hukawia kukauka.

Dhana: Kila jani la manjano ni ugonjwa

La hasha. Majani mawili matatu ya chini kabisa, yanayokauka polepole wakati moyo wa mmea ni mbichi na unakua, yamezeeka tu. Mmea umenyonya maji na virutubisho vyake ukavipeleka kwa machipukizi. Acha yakauke kabisa ndipo uyatoe. Lithops, sakulenti ndogo inayofanana na kokoto, huenda mbali zaidi: jozi ya majani ya zamani hunywea yote ili kulisha jozi mpya inayotokea katikati. Ukiimwagilia wakati huo unavuruga kazi hiyo. Aeonium, sakulenti nyingine yenye majani yaliyojipanga duara, nayo hupukutisha majani ya chini msimu wa joto inapopumzika.

Dhana: Mbolea itarudisha kijani

Upungufu wa naitrojeni upo, hasa kwa mmea uliokaa kwenye udongo uleule miaka kadhaa. Hapo majani makuukuu hupauka kwa usawa huku yakibaki magumu. Umanjano ukianzia majani machanga, shuku upungufu wa madini ya chuma, na angalia kama kuna ukoko mweupe juu ya udongo: maji yenye chokaa nyingi hupunguza asidi ya udongo, chuma kikawa vigumu kunyonywa. Tumia maji ya mvua au badilisha udongo. Lakini ukiweka mbolea juu ya mizizi inayooza, chumvi zake huunguza ile michache iliyobaki. Mmea wenye afya unatosheka na nusu ya kipimo cha pakiti, msimu wa kukua tu.

Dhana: Sakulenti ni mmea wa jua kali, basi

Iliyokulia kivulini ikitolewa juani ghafla huungua: mabaka ya manjano hafifu au meupe upande ulioelekea jua, baadaye yakawa ya kahawia. Kovu hilo halifutiki. Izoeshe kwa wiki 1 hadi 2, kwanza jua la asubuhi. Upungufu wa mwanga nao una hila yake. Mbali na kurefusha shina na kupausha majani, hufanya mmea unywe kidogo, udongo ukawie kukauka, na ratiba ileile ya maji iliyofaa dirishani ikawa ya kuozesha kwenye kona.

Wadudu wasisahaulike. Vitone vya manjano vilivyotapakaa pamoja na utando mwembamba ni utitiri. Vijidudu vyeupe vyenye utando wa pamba hujificha makwapani mwa majani, na wengine kwenye mizizi. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa spiriti ya 70%, urudie kila wiki hadi waishe.

Dhana: Shina likishaoza, mmea umekwisha

Si lazima. Pangusa kisu kwa spiriti, kata shina juu ya sehemu nyeusi, kisha tazama mkato: ukiona duara au kitone cha kahawia, sogea juu ukate tena hadi nyama iwe safi yote. Ukikata jamii ya Euphorbia, mnyaa ukiwemo, vaa glavu na uyalinde macho, kwani utomvu wake huwasha vibaya. Acha kipande kivulini penye hewa siku 4 hadi 7 mkato ufunge, kipande kinene kikae zaidi. Kipandikize kwenye mchanganyiko mkavu, ungoje kama wiki moja kabla ya maji ya kwanza. Kama hakuna shina la kuokoa, majani magumu ya Echeveria (sakulenti yenye majani manene yaliyojipanga kama ua) yaliyochomolewa na kitako chake huota yakilazwa juu ya udongo. Jani la mshubiri halifanyi hivyo, huoza tu, kwa hiyo tafuta chipukizi la pembeni.