Konyeza na Mwanga Wake wa Kijani Maabara

Wengi wetu Kanda ya Ziwa tunamjua konyeza kuwa mnyama wa Pwani, yule anayewasha waogeleaji. Ziwa Victoria nalo lina wake, wa jenasi ya Limnocnida: wadogo, angavu, upana wa sarafu, na hawamdhuru mtu. Ila aliyebadilisha kazi za maabara ni wa Pasifiki, Aequorea victoria, ambaye hana uhusiano wowote na ziwa letu.

Mwaka 1961 Mjapani Osamu Shimomura alikwenda Friday Harbor, Marekani, kutafuta kinachomfanya konyeza huyo ang'ae. Walivuliwa konyeza wapatao 10,000, wakakatwa kingo zao, zikapatikana miligramu chache tu za protini iitwayo ekuorini, inayotoa mwanga wa buluu ikikutana na kalsiamu. Pamoja nayo ilitoka protini nyingine, ambayo hupokea mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa kijani. Hiyo ilitajwa kwa kupita tu, na ndiyo iliyokuja kuwa lulu.

Mwaka 1992 mtafiti Douglas Prasher alinakili jeni ya protini hiyo ya kijani, yaani maelekezo ya kuitengeneza. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kuwa bakteria au mnyoo akipandikizwa jeni hiyo hung'aa kijani akimulikwa, bila kuongezewa kitu kingine chochote cha konyeza. Roger Tsien akazalisha rangi nyingine. Shimomura, Chalfie na Tsien walipata Nobel ya kemia mwaka 2008. Prasher hakuwamo, na binafsi naona alipunjwa.

Kwetu tunaoshughulika na malaria faida iko wazi. Watafiti huweka jeni hiyo katika vimelea vya malaria ya panya, kisha huvifuatilia kwa hadubini vikiwa hai, kutoka tezi za mate za mbu hadi ngozini na kwenye ini. Zamani ulikata tishu, ukaipaka rangi, ukaambulia picha ya kitu kilichokwisha kufa.

Siku hizi protini hiyo ya kijani hutengenezwa na bakteria ndani ya chupa, hakuna haja ya kuvua. Basi mtu akija mwaloni Kirumba au Igombe, Mwanza, akitaka konyeza kwa ndoo "za kutengenezea dawa", muulize kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Na hata akitaka mmoja tu, muulize vilevile: kipande kidogo cha mnyama kinabeba jeni zake zote, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2010, inataka nchi anakotoka iridhie kwanza na ipate mgawo wa faida.