Vumbi la kokoto kwenye chujio la maji: usilioshe likatakata

Ukitoka Chalinze kuelekea Segera, pale Lugoba huwezi kukosa kuona mitambo ya kusaga kokoto. Malori hubeba kokoto, nyuma hubaki marundo ya vumbi la mawe ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope la kijivu. Wafyatua matofali huchukua sehemu yake. Mimi hulifuata kwa ajili ya machujio ya maji ya nyumbani, yale ya mchanga yanayochuja polepole.

Naulizwa sana kwa nini nisichote mchanga wa mtoni, tena wa bure. Mchanga wa mto umeshapitiwa na samadi, majani yaliyooza na vijidudu. Jiwe lililopasuliwa jana halijawahi kukutana na ng'ombe.

Kwanza napima jiwe: kijiko cha vumbi kwenye kisosi, nakamulia ndimu. Likitoa povu lina chokaa, kama mawe ya matumbawe ya pwani, nami naliacha, maana huongeza ugumu wa maji. Lisipotoa, nachekecha likiwa kavu, barakoa usoni, kwa sababu vumbi hili huua mapafu. Punje zinazopita tundu la milimita 0.7 ndizo mchanga wa kuchujia. Changarawe za milimita 0.7 hadi 6 hukaa chini yake, na za 6 hadi 12 huzunguka mdomo wa bomba la kutolea maji, chini kabisa.

Kazi yenyewe iko kwenye kuosha. Changarawe osha mpaka maji yatakate. Mchanga, hapana! Chujio langu la kwanza niliuosha kama mchele wa harusi, maji yakapita mbio kama hayakukuta kitu, kwa kuwa zile punje laini zinazoyazuia nilishazimwaga. Siku hizi natia mchanga na maji kwenye chupa ya kioo, nautikisa, naiweka mezani, nahesabu sekunde nne. Uso wa mchanga ukionekana wazi, nimezidisha. Maji yakiwa kama chai ya maziwa, naendelea kuosha. Nautaka ukungu hafifu.

Chujio likijaa, lita moja itoke kwa dakika mbili na nusu au zaidi. Juu ya mchanga yabaki maji ya sentimita 5 muda wote, utando wa viumbe wanaokula vijidudu usikauke. Utando huo hujijenga kwa takriban mwezi mmoja. Maji yaliyochujwa bado yatie dawa.

Nanyi wa Arusha na Meru mnaouliza kuhusu floraidi, yale madini ya majini yanayoharibu meno: chujio hili haliiondoi.