Robert Morris hakufilisiwa na vita

Wamarekani wana hadithi wanayoipenda: Robert Morris, mfanyabiashara wa Philadelphia, alimwaga mali yake yote kugharamia vita vya uhuru, kisha taifa likamwacha afungwe kwa madeni. Mwanzo wake una ukweli. Akiwa msimamizi wa fedha tangu 1781, alitoa hati za malipo zenye saini yake mwenyewe, na watu wakaziamini kuliko noti za serikali, ambazo zilikuwa hazina thamani tena.

Lakini vita vilipokwisha hakuwa fukara hata kidogo. Mwaka 1789 aliingia Seneti akiwa bado tajiri.

Kilichommaliza ni ulanguzi wa ardhi. Miaka ya 1790 alinunua mamilioni ya ekari kwa mkopo, na viwanja tele katika mji mkuu mpya, akitegemea wanunuzi ambao hawakutokea. Na huku madeni yakipanda, anajenga jumba la marumaru! Halikumalizika. Februari 1798 akatupwa gereza la wadaiwa, Philadelphia. Mwaka huohuo George Washington alimfuata humo humo gerezani wakala pamoja. Morris alitoka 1801, baada ya sheria mpya ya ufilisi kupitishwa.