Hela ya kulinda msitu inatakiwa ije kila mwezi, sio kila mradi

Nikisema nafanya kazi kwenye bajeti za uhifadhi, swali linalokuja haraka ni hili: kwani watalii si wanalipa? Wanalipa, tena kwa dola, na hela ya getini ndio imelisha hifadhi zetu miaka mingi. Ila angalia inatoka wapi. Serengeti na Kilimanjaro zinabeba mzigo mkubwa, ukiongeza Tarangire, Manyara na Arusha basi umeshamaliza zile ambazo kwa miaka mingi TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walikuwa wanasema zinajitosheleza, zingine zote, Mahale, Katavi, Rubondo, Kitulo, zinaishi kwa mgongo wa hizo chache. Na hapo naongelea hifadhi za taifa tu, sijagusa misitu ya hifadhi ambayo hakuna mtalii anafika na hakuna geti la kukusanya chochote, wakati ndio misitu inayotupa maji.

Mwaka 2020 ulituonyesha hatari ya huu mpango kwa uchungu sana. Tanzania ilipata wageni kama milioni 1.5 mwaka 2019, mwaka uliofuata wakashuka mpaka laki sita na kitu. Kenya walitoka zaidi ya milioni mbili wakaenda chini ya laki sita. Sasa ndege zikisimama jangili hasimami, tena kijijini maisha yakibana watu wanaoingia porini kutafuta kitoweo na mkaa wanaongezeka, kwa hiyo kazi ya askari inaongezeka wakati huohuo hela ya kumlipa inapotea. Kenya Mei 2020 walitangaza shilingi bilioni moja ya kuajiri skauti wa jamii 5,500 chini ya KWS, shirika lao la wanyamapori, na bilioni nyingine ya kusaidia hifadhi za jamii 160. Mimi naiheshimu sana ile hatua kwa sababu moja: iliweka hela kwa watu wanaotembea porini, haikuishia kwenye semina.

Kwetu mwaka huohuo Sheria ya Fedha ilibadilisha utaratibu, kuanzia Julai 2020 makusanyo ya TANAPA, Ngorongoro na TAWA, mamlaka ya wanyamapori, yakawa yanakusanywa na TRA na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali, halafu taasisi zikawa zinaomba bajeti Hazina kama idara zingine. Wadau wengi walilalamika na nawaelewa. Lakini tuwe wakweli, getini kulikuwa hakuna kitu mwaka ule, bila Hazina mishahara ingetoka wapi? Ubaya wake ulikuwa sehemu nyingine, kwenye muda wa hela kufika, na hili ndio nataka tulielewe vizuri maana watu wanabishana sana kuhusu kiasi na hawaulizi hela inafika lini.

Bajeti ya serikali ina mifuko mitatu hivi. Kuna mishahara, hiyo inakuja. Kuna maendeleo, yaani miradi, majengo, magari mapya, na hapo wafadhili wanaingiza hela zao nyingi. Halafu katikati kuna OC, matumizi mengineyo. Ukifika kituo cha askari ukaona gari zima limeegeshwa ukauliza kulikoni, jibu ni moja tu, OC haijaja. OC ndio dizeli, ndio tairi, ndio posho ya doria, ndio chakula cha kambini, betri za redio, dawa ya malaria. Askari analipwa mshahara wake kila mwezi na hana mafuta ya kumfikisha kwenye mpaka anaotakiwa kuulinda. Serikali ikibana matumizi mshahara haikatwi kwa sababu watu watapiga kelele, mradi wa mfadhili haukatwi kwa sababu kuna mkataba, kinachokatwa ni OC, kila mara ni OC.

Chukua moto. Misitu ya miombo inaungua kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba hivi mvua zikianza. Njia za kuzuia moto zinatakiwa zilimwe mapema nyasi zikiwa bado hazijakauka sana. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, yaani Mei na Juni akaunti ni tupu, na mpya unaanza Julai 1 ila migao ya kwanza mara nyingi inachelewa, ikija Septemba msitu umeshaungua. Hela imepitishwa bungeni, imetolewa, imetumika, ripoti iko safi, na msitu umeungua. Hakuna mtu ameiba hapo! Tatizo ni kalenda tu.

Miradi ya nje nayo ina kalenda yake, miaka mitatu, minne, mitano basi. Mradi unanunua Land Cruiser haununui dizeli ya mwaka wa sita. Mwaka 2022 kwenye mkutano wa bioanuwai kule Montreal nchi zilikubaliana kwamba dola bilioni 200 kwa mwaka zitafutwe kwa ajili ya bioanuwai ifikapo 2030, na nchi tajiri zitoe angalau bilioni 20 kwa mwaka kufika 2025 na bilioni 30 kufika 2030. Ni vizuri na tuwadai, ila hela hiyo ikija kwa mtindo wa miradi tu itatujengea ofisi.

Kuna njia ambazo zimejaribiwa. Hapa nyumbani tuna Mfuko wa Milima ya Tao la Mashariki, EAMCEF, makao yake Morogoro, ulianzishwa 2001 kwa msaada wa GEF, mfuko wa dunia wa mazingira. Mtaji unawekezwa na hauguswi, kinachotumika ni faida yake, kwa hiyo kila mwaka kuna kitu, hata kama ni kidogo. Soko likiyumba faida inayumba pia, na mtaji wenyewe sio mkubwa ukilinganisha na milima inayotakiwa kuhudumiwa kuanzia Pare mpaka Udzungwa, lakini natamani tungekuwa na mifuko mitano ya namna hiyo.

Njia inayonivutia zaidi ni ya Costa Rica. Wale walikuwa wamekata msitu vibaya sana kwa ajili ya malisho, miaka ya 80 ulibaki kama robo ya nchi au pungufu, leo uko zaidi ya nusu. Walifanya mambo mengi, ila mojawapo ni sheria ya misitu ya 1996, namba 7575, iliyopiga marufuku kubadilisha msitu kuwa shamba na papo hapo ikaanzisha malipo kwa mwenye ardhi anayeutunza. Hela inatoka kwenye kodi ya mafuta ya magari, asilimia 3.5 ya mapato ya kodi hiyo, inapitia mfuko unaoitwa FONAFIFO, baadae wakaongeza na sehemu ya ada ya maji. Mafuta yanauzwa kila siku, iwe watalii wapo au hawapo, ndio maana hela haikauki. Ila mwanzoni walionufaika zaidi ni wenye mashamba makubwa na hati mkononi, ikabidi baadae wabadilishe vigezo ili wenyeji wa asili na wakulima wadogo nao wapate. Kwetu ambako ardhi nyingi ni ya kijiji hilo tusilisubiri, lipangwe mwanzoni kabisa.

Maana sisi mlipaji tunaye. Mto Ruvu unapata maji yake mengi milima ya Uluguru, na Dar es Salaam inakunywa Ruvu. Mkulima wa juu kule akilima kwenye mteremko bila matuta udongo unashuka, mitambo inasafisha tope kwa gharama, mwananchi analipa. Miaka ya 2000 mwishoni mashirika ya CARE na WWF yalijaribu huko Uluguru kuwalipa wakulima wanaopanda miti na kuchimba matuta, na DAWASCO, shirika la maji la Dar wakati ule, na Coca-Cola Kwanza walishirikishwa kama wanunuzi wa maji. Ulikuwa mradi wa majaribio. Mimi nadhani ungeweza kuwa sheria, kiasi kidogo kwenye kila yuniti ya maji na umeme wa maporomoko, kikienda moja kwa moja milimani bila kuzunguka.

Na sheria bila chanzo cha hela haitoshi. Kenya kwenye sheria yao ya wanyamapori ya 2013 waliweka shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, moyo wa utu kabisa, ila madai yakarundikana kwa miaka kwa sababu bajeti haikufuata. Kwetu kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja, na huyo aliyepoteza mume kwa tembo ndiye tunamwomba atoe taarifa akiona jangili.

Kama unataka kufuatilia mwenyewe, kila mwaka bunge la bajeti likikaa Dodoma tafuta Fungu 69, Wizara ya Maliasili na Utalii, kwenye kitabu cha pili cha matumizi ya kawaida. Usianze na jumla kubwa ambayo magazeti wanaiandika. Angalia OC. Halafu soma taarifa ya kamati ya bunge ya ardhi, maliasili na utalii, tafuta sehemu inayosema mwaka unaoisha kiliidhinishwa kiasi gani na kimetolewa kiasi gani, na kimetolewa mwezi gani. Ukimpata mbunge wako kwenye simu, muulize hilo la mwezi.