Kontrabandi ya vita: watumwa walipoitwa mali ili wasirudishwe

Ukisoma habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, utakuta watu weusi wakiitwa "kontrabandi". Ukifasiri haraka utasema magendo, na hapo utapotea njia. Magendo ni bidhaa inayovushwa mpaka kwa siri. Kontrabandi ya vita ilikuwa kitu kinachomsaidia adui kupigana, kama baruti au bunduki, na jeshi lilikuwa na haki ya kukitwaa lisikirudishe. Sasa binadamu aliingiaje humo?

Kisa kilianzia Fort Monroe, ngome ya mawe huko Virginia. Imesimama Point Comfort, palepale waliposhushwa Waafrika wa kwanza kuletwa Virginia, mwaka 1619, watu waliotekwa Angola. Majimbo 11 ya Kusini yalipojitenga ili kuulinda utumwa, Virginia ikiwemo, ngome hii ilibaki mikononi mwa jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani iliyopigana na majimbo hayo. Watumwa nchini walikaribia milioni 4. Hata hivyo Rais Abraham Lincoln alisema mwanzoni kwamba hakusudii kuugusa utumwa pale ulipokuwepo, na sheria ya 1850 ya kumrudisha mtoro kwa bwana wake ilikuwa bado ina nguvu.

Usiku wa Mei 23, 1861, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend walipanda mashua wakavuka maji hadi ngomeni. Walikuwa watumwa wa Kanali Charles Mallory wa upande wa Kusini, wakitumikishwa kujenga kituo cha mizinga ng'ambo ya pili.

Kesho yake afisa wa Kusini akaja na bendera nyeupe kuwadai. Jenerali Benjamin Butler, mkuu wa jeshi la Muungano ngomeni, ambaye kabla ya vita alikuwa wakili, akakataa. Hoja yake ilikuwa hii: Virginia inasema ni nchi nyingine. Basi haiwezi kudai haki kwa sheria ya Marekani. Na kama watu hawa ni mali, mali hiyo inamjengea adui ngome, kwa hiyo ni kontrabandi ya vita.

Aliwanasa wenye watumwa kwa kauli yao wenyewe. Lakini kumpa Butler sifa yote ni kuwadhulumu wale watatu. Walipoanza kupiga makasia hawakujua watapokewaje. Wangeweza kurudishwa wamefungwa kamba. Wasingethubutu, wakili asingekuwa na kesi ya kutetea.

Habari ikaenea kwa watumwa wa jirani. Wakaja makumi, kisha mamia, na humo mlikuwa na wazee na kina mama wenye watoto mgongoni. Hoja ya Butler ikaanza kupwaya, maana mtoto mchanga hamjengei mtu ngome. Hata hivyo hawakufukuzwa. Agosti 1861 Bunge likaruhusu kutwaliwa kwa watumwa waliotumiwa katika vita dhidi ya Muungano. Machi 1862 wanajeshi wakakatazwa kurudisha watoro. Januari 1, 1863, likaja Tangazo la Ukombozi, tamko la Lincoln la kuwaweka huru watumwa, lililohusu maeneo ya waasi tu. Utumwa ulipigwa marufuku nchi nzima kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba, Desemba 1865.

Kwangu neno hili linauma. Aliyeitwa kontrabandi alikuwa ameponyoka mikononi mwa bwana wake, ila kwenye karatasi aliendelea kuwa mali, akilifanyia jeshi kazi za sulubu na kuishi kambini penye msongamano na maradhi. Wenyewe hawakungoja neno jipya. Watu wa Kusini walikuwa wameuteketeza mji wa jirani wa Hampton, na juu ya magofu yake watoro wakajenga nyumba zao. Tayari Septemba 1861 Mary Peake, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru, alikuwa akiwafundisha watoto wao kusoma, jambo lililokuwa limepigwa marufuku na sheria za Virginia. Inasimuliwa kwamba masomo yalianzia chini ya mwaloni ambao ungali hai katika Chuo Kikuu cha Hampton. Mwalimu huyo alifariki kwa kifua kikuu Februari 1862, miezi kumi na kitu kabla ya Tangazo.