Kuondolewa si Kukimbia: Yanayosemwa Kuhusu Walinzi wa Viongozi

Juzi mfanyabiashara mmoja wa mchele wa Kyela, ambaye sasa ameingia kwenye siasa, alinikaribisha ofisini kwake Kabwe, hapa Mbeya. Alinikirimu vizuri, akawasifu vijana wangu wa ulinzi, kisha akasema, "Mzee, sharti langu ni moja tu. Pakichafuka wasinikimbize. Mimi siwezi kuwakimbia wananchi kama Mwalimu Nyerere alivyokimbia mwaka 64."

Niliweka kikombe chini. Maneno hayo nimeyasikia kwa madiwani, kwa wenye mabasi, kwa vijana ninaowafundisha kila wiki pale Uyole, na mara moja kwa mchungaji kule Tukuyu ambaye wala hakuwa anahitaji mlinzi. Nimemlinda kiongozi wa kitaifa kwa miaka mingi, na nilikuwa naye kipindi ambacho siasa zilichafuka kweli. Jina lake na mji ninaotaka kuusimulia sivitaji, kwa sababu kiapo hakiishi siku ya kustaafu. Lakini hili la kukimbia nitalijibu kwa urefu, kwa sababu linaua watu.

Tuanze na huo mwaka wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, walitoka kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakaingia Dar es Salaam. Walitaka mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke. Hayo tunayajua leo. Usiku ule, mtu aliyekuwa Ikulu hakuwa na namna ya kuyajua. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa na siku nane tu. Askari wenye bunduki wako barabarani, na jeshi ambalo ungelitegemea likukinge ndilo hilohilo linalokuja. Mlinzi mkuu wa Mwalimu, Peter Bwimbo, alimtoa Mwalimu pamoja na Makamu wake, Rashidi Kawawa, akawavusha kwa pantoni hadi Kigamboni. Waziri Oscar Kambona akabaki upande wa mjini akizungumza na askari. Tarehe 25 makomandoo wa Kiingereza walishuka kutoka meli ya HMS Centaur na maasi yakaisha. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Sasa nawauliza wanaoona aibu hapo: askari wale walikosa nini? Walikuwa na silaha, walikuwa na mji, walikuwa na uwanja wa ndege. Walichokosa ni Rais mikononi mwao. Tazama kilichotokea Uganda siku tatu baadaye. Askari wa Jinja walipogoma, Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, alikwenda mwenyewe kuzungumza nao. Wakamshikilia, na akiwa mikononi mwao akakubali nyongeza ya mishahara waliyoitaka. Ujasiri alikuwa nao, hakuna anayebisha. Lakini mtu aliyeshikiliwa hawezi tena kukataa, na kiongozi asiyeweza kukataa hajabaki na kazi yoyote ya kufanya. Mwalimu akiwa Kigamboni alikuwa bado Rais. Angekutwa Ikulu, angekuwa karatasi ya kusainiwa.

Hii ndiyo kazi yenyewe. Watu wanadhani mlinzi ameajiriwa kupigana. Wanangoja kuona bastola. Mlinzi ana mambo mawili ya kufanya panapotokea shari: kumfunika mtu wake na kumwondoa. Kupambana na mshambuliaji ni kazi ya wengine walio mbali kidogo, na kama hawapo, basi hakuna wa kuifanya, kwa sababu wewe uliye karibu huna ruhusa ya kubaki nyuma. Kijana anayechomoa silaha kwanza kwenye mazoezi yangu namrudisha mwanzo, hata kama shabaha yake ni nzuri kuliko ya wenzake wote.

Tarehe 30 Machi 1981, Rais wa Marekani, Ronald Reagan, alipigwa risasi akitoka hotelini Washington. Risasi sita zilitoka ndani ya sekunde mbili ambazo hazikutimia. Mlinzi mmoja, Tim McCarthy, aligeuka akatanua mwili wake na risasi ikamwingia tumboni. Mwingine, Jerry Parr, alimsukuma Rais ndani ya gari na gari likaondoka. Njiani akaona damu yenye povu mdomoni mwa Rais, akaamuru gari liache kwenda Ikulu, liende hospitali. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyefyatua risasi, na Reagan alipona. Sasa weka pembeni yake tukio la Nara, Japani, tarehe 8 Julai 2022. Mlipuko wa kwanza wa bunduki haukumpata Shinzo Abe, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu. Zikapita kama sekunde mbili na nusu hivi, naye akageuka kuangalia sauti inatoka wapi. Hakuna mkono uliomshusha wala kumvuta. Mlipuko wa pili ukamuua. Hesabu mwenyewe kwa sauti, moja, mbili, uone ni muda mrefu kiasi gani kwa mtu aliyefundishwa kuvuta.

Mimi mwenyewe niliwahi kuvuta. Kiongozi wangu alikuwa juu ya jukwaa la mbao, alasiri, umati umejaa hadi barabarani. Nilikuwa hatua moja nyuma yake, upande wa kulia. Kilichonishtua kwanza hakikuwa jiwe. Pembeni ya uwanja kulikuwa na akina mama wanne wanauza karanga na maembe. Mmoja akaanza kufunika sinia lake. Biashara ilikuwa nzuri, watu wananunua, na yeye anafunga. Wa pili akamfuata, akambeba mtoto mgongoni huku anatazama upande mmoja tu wa uwanja. Nilimwashiria dereva awashe gari. Nikashika mkanda wa suruali ya kiongozi kwa nyuma, chini ya koti, mahali ambapo watu hawaoni. Hakuhisi, au alihisi akanyamaza.

Jiwe la kwanza lilipiga spika. Alikuwa katikati ya sentensi. Nikainamisha kichwa chake kwa mkono wa kushoto, nikamgeuza kwa mkanda, tukateremka ngazi. Ngazi ya tatu kiatu chake kikachomoka, kiatu kizuri cha kuchomeka kisicho na kamba, naye akataka kurudi kukiokota. Nakumbuka uzito wake alivyojikaza. Nilimnyanyua, nikamwingiza garini na soksi moja imejaa vumbi. Mlango ulikuwa wazi, gari lilikuwa limeshaanza kusogea.

Hakunisemesha njia nzima. Usiku, mbele ya wenzangu, akaniambia nimemdhalilisha mbele ya watu. Nikajibu, "Ndiyo, mheshimiwa," nikasimama pale mpaka alipoondoka. Asubuhi yake, saa nne, aliketi na wazee wa mji ule ukumbini. Akaanza kwa kuwaambia, jana nilikuwa nasema hivi, na akaimalizia ile sentensi iliyokatika. Nilikuwa mlangoni. Wazee wakasikiliza, wakajibu, wakabishana naye mpaka adhuhuri, na mji ukatulia. Baada ya hapo hakulitaja tena suala la kudhalilishwa, na viatu alivyonunua baadaye vyote vilikuwa vya kamba.

Kwa hiyo ushauri wangu ambao vijana wameuchoka kuusikia: viatu vya kamba, kwa mlinzi na kwa anayelindwa. Pia kabla ya mkutano wowote nenda ukawasalimie wauza karanga, wapiga kiwi na bodaboda wa pale. Ukifika sokoni Mwanjelwa mapema na "ugonile" yako mdomoni, ile salamu ya Kinyakyusa, utaambiwa mambo ambayo redio ya mkononi haitakuambia.

Mengine yanayosemwa kuhusu walinzi nitayapitisha haraka.

"Mlinzi wa Rais ni yule mwanajeshi anayesimama nyuma yake." Yule ni mpambe. Ana kazi yake ya heshima na itifaki, na anaifanya mbele ya kamera. Walinzi ni wale wenye suti ambao sura zao ukifika nyumbani huzikumbuki, na wengine ambao hukuwaona kabisa.

"Mlinzi lazima awe baunsa." Kila mwezi naletewa kijana ambaye sifa yake ni kifua. Namtembeza kutoka Soko Matola kwenda kituo cha mabasi katikati ya watu, halafu namuuliza wangapi aliowapita walikuwa wamevaa koti zito. Mbeya mwezi Julai kila mtu ana koti zito, kwa hiyo swali sahihi ni nani alikuwa nalo ila mikono haionekani. Wengi hawajui. Binti mmoja mwembamba kutoka Mafinga alinitajia watatu, na mmoja akanieleza hata alikuwa amesimama karibu na duka gani. Huyo nilimchukua siku hiyohiyo.

"Nikinunua gari lisilopenya risasi, nimemaliza." Hili linanikera karibu sawa na lile la kukimbia. Risasi iliyompata Reagan iligonga kwanza ubavu wa gari lake lisilopenya risasi, ikadunda, ikamwingia chini ya kwapa. Waziri Mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, aliuawa Tel Aviv tarehe 4 Novemba 1995 akiwa anatembea kuelekea kwenye gari lake. Hatari iko kati ya mlango wa jengo na mlango wa gari, zile hatua saba au nane ambazo kila kiongozi anataka kusimama apeane mikono. Na gari la chuma kizito likishuka mteremko wa Kitonga, kule Iringa, linachemsha breki kama lori. Kama huna dereva anayejua kushuka Kitonga kwa gia, fedha hiyo ianze kwa dereva.

"Adui ni mtu wa nje, nyumbani niko salama, watu wangu wananipenda." Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi, aliuawa tarehe 31 Oktoba 1984 na walinzi wake mwenyewe, kwenye bustani ya nyumbani kwake. Rais wa Kongo, Laurent-Désiré Kabila, alipigwa risasi ofisini kwake Januari 2001 na kijana wa ulinzi wake. Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, mahali alipozoea kukaa na watu wake kucheza bao. Na hapa kwetu nyanda za juu hatuna haja ya kwenda mbali. Isimani, mkoani Iringa, siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda shambani kwa Said Mwamwindi wakati mambo ya vijiji vya ujamaa yakiwa moto. Walibishana, Mwamwindi akampiga risasi, kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe na kuupeleka polisi Iringa mjini. Hakuna umati, hakuna mgeni aliyejificha. Ni kiongozi na mkulima wa mkoa wake, mchana, kwenye jambo ambalo kila mtu wilayani alijua linachemka. Ninapowafundisha vijana, siku nzima inakwenda kwenye tukio hilo, kwa sababu linafundisha kuuliza kabla ya safari: huko tunakokwenda, nani ana uchungu, na uchungu wake una muda gani?

"Nina kinga ya mganga." Siwatukani wazee wangu. Vita vya Maji Maji vilifika Ungoni na Ubena, na babu zetu walikufa wakiamini risasi itageuka maji. Ukija na hirizi yako kwenye msafara wangu, ibaki shingoni, sina neno nayo. Ila ukianza kusimama mahali nilipokukataza kwa sababu unayo, nitarudisha fedha yako na tutaachana kwa amani.

Nilimweleza yule mfanyabiashara haya yote, si kwa mpangilio huu, na chai ikapoa. Nikamwambia sharti langu nami ni moja: kabla ya kila mkutano tunakaa dakika kumi, tunakubaliana neno. Neno la kawaida ambalo halishtui mtu akilisikia. Nikilisema, anainuka, haulizi, hamalizi anachosema, hachukui simu yake mezani. Akaniuliza nani anaamua lini litumike. Nikamjibu kwamba ni mimi, na kama hapendi uamuzi wangu atanifukuza kesho yake, tukiwa wote wazima.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema neno letu liwe "Matema", kwa sababu huko ndiko alikozaliwa, kando ya ziwa, na hawezi kulisahau hata akiwa amechanganyikiwa.

Tumelitumia mara moja mpaka sasa. Ilikuwa Igawilo, jioni, mkutano mdogo chini ya miti. Niliona mama muuza ndizi anafunga mkungu wake kabla ya wakati. Nikainama sikioni kwa yule mfanyabiashara nikasema, "Matema." Aliacha kipaza sauti kikiwa bado kinanguruma, akainuka. Viatu vyake vilikuwa na kamba, na zilikuwa zimefungwa.